Ukuta wa Upande wa Reli

Mjomba wangu alinipigia simu nikiwa nimeshika wembe mkono mmoja na kanisa mkono wa pili, akaniambia nimjengee uwanja wa besiboli. Nilidhani sijasikia vizuri, nikamwomba arudie. Akarudia: uwanja wa besiboli, mdogo, wa kukaa mezani kando ya reli yake. Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile ya mtu anayeagiza unga dukani, kwamba daktari amemwambia presha ya macho imeshamaliza jicho la kushoto na sasa inalifuata la kulia. Kama kuna kitu anataka kukiona, akitafute mapema. Yeye alikuwa amefikiri siku tatu na kitu alichotaka kukiona ni hicho.

Kanisa nililoshika lilikuwa la katoni. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha hapa Bungoma. Kanisa likitaka kujenga huanza na harambee, na siku ya harambee waumini wanataka kuona kile wanachochangia, ndipo hunitafuta. Natengeneza jengo zima la plaiwudi na katoni, madirisha ya filamu za eksirei zilizotupwa, miti ya sponji iliyochovywa rangi ya kijani, na watu wa njiti za kiberiti waliovikwa vipande vya kitenge. Watu huwa wengi, hadi mlangoni, kwa sababu kanisa tupu halichangiwi. Wazee wa msikiti wa mjini nao waliwahi kunipa kazi, ila wao walinikataza kuweka watu, na mikono yangu ilihangaika wiki nzima bila kujua ifanye nini.

Mjomba ni kaka wa mama yangu. Mimi nilirithi jina la mama yake, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga ananiita mama, nami humjibu kwa ukali kidogo, kama mama anavyomjibu mtoto mtundu. Anapenda hivyo. Zamani sana, kabla sijazaliwa, alikwenda Marekani kusoma, akakaa miaka miwili, mama yake akaugua, akarudi kumuuguza na kumzika, na hakwenda tena. Alipata ukarani kwenye bohari la mizigo la reli pale Kitale, akaandika magunia ya mahindi mpaka treni zikaacha kuja. Kuhusu Marekani yenyewe, katika ukoo wetu tulijua mambo matatu tu: kuna baridi, kuna treni, na mahindi yao wanalisha ng'ombe. Hili la tatu wakulima wa vijiji vya kwetu, Kwanza na Endebess, hawajawahi kuliamini.

Alipostaafu akaanza meza. Aliunganisha milango miwili mikuukuu kwenye stoo ya mahindi, akawa anachokora marundo ya mitumba sokoni akitafuta treni za kuchezea za watoto. Akipata reli hapa, behewa kule, injini iliyokufa anaifufua kwa betri na waya. Kidogo kidogo ukatokea mji mzima: kinu cha unga cha mkebe wa kakao, mto wa nailoni ya bluu, daraja, nyumba ishirini na kitu, na treni inayozunguka vyote hivyo ikilalamika kwenye kona. Ulikuwa ule mji alikosomea. Mkewe alisema afadhali treni kuliko pombe ya busaa, akamwachia stoo nusu.

Sasa katika mji huo pengo lilikuwa moja tu, kando ya reli, na hapo ndipo alitaka uwanja.

Nilikubali kabla sijafikiri. Mchezo wenyewe niliujua kwa kepu tu. Mitumba imejaa kepu za timu zake, utaziona vichwani mwa watu wa bodaboda ambao, kama mimi, hawajui wanashabikia nani. Lakini uwanja ni uwanja, nilijiambia. Nikakata plaiwudi ya mstatili, nikainua majukwaa pande nne, nikapaka nyasi. Nilipofika kwenye magoli ndipo nikampigia kuuliza yanakaa umbali gani kutoka ukutani.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Akasema hakuna magoli. Nikamuuliza basi wanafunga wapi. Hawafungi, akasema, wanapiga mpira, unatoka.

"Ukitoka si ndiyo mbaya?"

"Ukitoka ndiyo nzuri, mama."

Nilikata simu nikautazama uwanja wangu kwa hasira. Mpira ukitoka ndiyo nzuri! Uwanja ule niliuvunja, majukwaa yake nikayafanya ngazi za kanisa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini walimaanisha ukiwa unajibiwa. Kila nilipomuuliza mjomba jambo kuhusu uwanja wake nilitoka na giza zaidi kuliko nililoingia nalo. Viti vilikuwa vingapi? Vingi. Rangi gani? Siku moja kijani, wiki iliyofuata akasema rangi ya kiti si kitu cha kusumbua watu. Wachezaji wanasimama wapi? Ndani. Wako wangapi? Husikika wengi, akasema. Nikamwambia mjomba, sikuulizi wanavyosikika. Akaniuliza kama mvua inanyesha Bungoma.

Mwishowe nikamlazimisha achore. Mchoro ulikuja na gari la abiria ndani ya bahasha ya kaki, umechorwa nyuma ya kalenda ya duka la mbegu, na ndio ulionichanganya kabisa. Ukuta wa nje alikuwa ameuchora kwa namna ambayo sijawahi kuona hata kwa mafundi wa ramani. Matofali aliyapanga mstari kwa mstari. Kulikuwa na bomba la maji ya mvua lililopinda chini, mlango mdogo wa mbao wenye komeo, tangazo la sabuni lililobanduka pembeni, hata magugu aliyachora, na kati ya magugu na reli njia nyembamba ya kukanyaga. Ndani ya ukuta hapakuwa na kitu. Patupu kabisa, karatasi nyeupe, na katikati ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani: uwanja.

Nilisema moyoni, huu ni uzee, mjomba anakumbuka magugu na amesahau viti. Nilimhurumia, na nikajihurumia mimi pia.

Basi nikarudi kwenye simu yangu, nikanunua bando, nikatazama besiboli. Nilitazama jioni tano nikijaribu kuunganisha mambo. Mtu mmoja amesimama kwenye kichuguu katikati, anatafuna kitu, anaangaza huku na huku kama aliyesahau alichofuata dukani. Anarusha mpira. Mwenye rungu hafanyi lolote. Watu wanashangilia. Anarusha tena, mwenye rungu anaupiga, mpira unapaa, mtu anaudaka vizuri sana, na sasa aliyeupiga ndiye anaondoka ameinamisha kichwa. Nusu saa hakuna anayekimbia, halafu ghafla wanakimbia wote. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba hii ni raundasi, ile tuliyocheza sisi wasichana shule ya msingi kwa fimbo na mpira wa nailoni, ila wanaume wazima wameichukua na kuitia huzuni. Kugundua huko kulinisaidia kidogo. Angalau nikajua kwamba kuna vituo vinne, na kwamba uwanja wenyewe una umbo la robo ya chapati: ncha kule anakosimama mwenye rungu, na mduara kule mbali kwenye ukuta.

Sasa kuna jambo kuhusu ukuta huo.

Katika mchoro wa mjomba, upande wa kulia wa ile robo ya chapati ulikuwa mrefu, na upande wa kushoto, ule wa reli, mfupi. Si kidogo. Ulikuwa umepungua kama vidole vitatu kwenye karatasi. Mtu wa kwingine huenda angeuacha hivyo. Mimi nimezaliwa Bungoma. Kwetu ukiona shamba upande mmoja umepungua, huulizi kwa nini, unauliza nani. Kuna mtu aliamka akahamisha miti ya mpaka, au aliongea na wapimaji vizuri kuliko mwenzake. Marehemu baba yangu alipigania hatua sita za mpaka wetu mpaka kifo, na mimi nilikulia katika kelele za hatua hizo sita. Kwa hiyo hata makanisani, wakiniletea ramani ya kiwanja kilichopinda, mimi kwenye modeli hukinyoosha. Hakuna anayelalamika. Watu huchangia kwa moyo zaidi wakiona kiwanja kimenyooka, wanaona hapa hapana kesi.

Niliona basi kwamba mkono wa mjomba umetetemeka, au hata huko Marekani kuna majirani. Nikaunyoosha ukuta. Upande wa kushoto nikaupa urefu sawasawa na wa kulia, nikaona fahari.

Hapa niseme ukweli unaoniuma. Kazi ile ilistahili wiki tatu, nami niliianza Agosti nikaimaliza Novemba. Kulikuwa na makanisa mawili yenye harambee, na mnara wa kengele ulionisumbua. Mjomba alikuwa ananipigia na kuuliza, umefika wapi, mama, bila kunisukuma hata siku moja. Mkewe ndiye aliyeniambia mara mbili kwamba siku hizi anamimina chai nje ya kikombe. Nilisikia, nikasema pole, nikarudi kwenye mnara. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, ila tumbo lililoumia halikuwa langu.

Nilifika Kitale mchana na uwanja wangu mapajani, umefunikwa shuka. Ua wote ulikuwa turubai na mahindi yanaanikwa, mkewe anayageuza kwa reki. Mjomba akatoka barazani kunilaki. Kabla ya kushuka kidato cha ngazi alitanguliza mguu, akapapasa hewa, akakipata. Mwezi Agosti alikuwa anashuka kidato hicho huku akiongea na watu. Nilisimama pale na shuka langu, nikajiona mpumbavu.

Tukaingia stoo. Nilifunua kazi yangu na kuiweka kwenye pengo lake, na haikuenea. Kona ya kushoto ya ukuta ilipanda juu ya reli. Nikaisukuma, ikakataa. Nikadhani pengo ndilo limepimwa vibaya, na nilikuwa nafungua mdomo kusema hivyo mjomba alipoleta mkono wake. Aliuanzia kulia, taratibu, akifuata ukuta kwa vidole viwili, tofali kwa tofali, akitikisa kichwa kwa kukubali. Akapita katikati. Akafika kushoto, akaendelea kwenda, na vidole vyake vilipogusa reli chini ya ukuta vikasimama.

"Huu ukuta nani amenyoosha?"

Nikasema ni mimi. Nikamweleza, na nilieleza kwa kujiamini kabisa, kwamba upande huo ulikuwa umeibiwa nami nimerudisha.

Sijawahi kumwona mjomba akikasirika. Hakupaza sauti. Aliushika ukuta kama mtu anayemshika mwenzake bega kumzuia asianguke. "Hakuna mtu ameibiwa hapo," akasema. "Reli ilikuwa hapo kwanza. Sasa mimi nitasimama wapi?"

Sikuelewa. Nilimwambia sielewi, tena kwa ukali, kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Alitafuta gunia kwa mkono, akaketi, ndipo akanieleza jambo ambalo nadhani hata mkewe hakuwahi kuambiwa, maana alikuja akasimama mlangoni na reki yake.

Ukuta wa upande ule ulikuwa mfupi kwa sababu reli ilikataa kuhama. Na kwa sababu ulikuwa karibu, mipira mingi iliyopigwa kwa nguvu ilitokea hapo, ikaangukia relini. Mipira ile ni ya ngozi, haitupwi ovyo. Wenye uwanja wakamwajiri mwanafunzi mmoja, yeye mjomba, asimame kwenye magugu, kati ya ukuta na reli, aiokote kabla treni haijaikata, na kuipitisha kwenye mlango mdogo. Likizo mbili za kiangazi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa anasikia rungu, kisha watu wote wanainuka kwa sauti moja, kisha anatazama juu akingoja.

Nikamuuliza, "Na mchezo wenyewe?"

"Nilikuwa nasikia tu."

Hakuwahi kuingia. Nilimuuliza kama walimkataza kwa sababu ya rangi yake, nikawa tayari kuwachukia. Alifikiri, akasema hakuna aliyemkataza na hakuna aliyemkaribisha. Kazi ilikuwa saa ile ile ya mchezo, na mara kwa mara alijiambia, mwaka ujao nitanunua tiketi nikae ndani kama watu. Kisha ikaja barua kwamba mama yake ni mgonjwa.

Nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Maswali yangu yote ya miezi mitatu yalinirudia moja baada ya jingine, viti, rangi, wanasimama wapi, na kila moja likanichoma. Nilikuwa namuuliza mtu habari za nyumba aliyoijua kwa nje tu. Hakuwa amesahau ndani. Ndani ndipo alipotaka kupaona, na kwa sababu hakupajua aliniachia mimi nipatafute. Na mimi nikapatafuta pole pole.

Niliomba msumeno. Mkewe akaleta wa kukatia miti, mkubwa mno, nikaupiga ukuta wangu mzuri nao hivyo hivyo. Nilikata upande wa kushoto, nikang'oa safu mbili za viti na watu wake, nikausogeza ukuta ndani vidole vitatu, nikaugundisha. Ukapinda kama alivyouchora. Nikausukuma uwanja kwenye pengo, ukaingia, na kati ya ukuta na reli ikabaki njia nyembamba ya kukanyaga.

Jua la saa kumi lilikuwa linaingia mlangoni. Mjomba akainama, akaleta jicho la kulia karibu kabisa na viti, mpaka kope zikawagusa watu wangu wa njiti za kiberiti. Nilimulika kwa tochi ya simu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Naona kijani," akasema. "Hiyo ingine niambie."

Nilitamani aniulize kitu kingine chochote duniani. Nikaanza. Nikamwambia hapa kwenye ncha amesimama mwenye rungu, na nyuma yake kuna mtu amechuchumaa, amevaa kinyago cha waya. Anachuchumaa kwa nini? Sijui, mjomba. Nikamwambia katikati kuna kichuguu na mtu anatafuna. Vituo ni vinne, vyeupe. Watu wamejaa, nimewavika vitenge, wengine wamesimama. Wamesimamia nini? Nikasema mpira umepigwa unapaa, uko juu ya ukuta, kwa hiyo sasa mpigaji anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, anarudi pale pale alipoanzia.

Akauliza anakimbia nini na mpira umeshatoka. Hilo nami nilikuwa nimelitazama mara kumi bila kulielewa. Nikasema nadhani ni desturi yao. Mkewe, pale mlangoni, akasema labda anawasalimia watu. Mjomba akaona hilo ni jibu zuri, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na jingine, tukalichukua. Niliendelea kueleza nisichokijua kwa mtu asiyekiona, na alikuwa anaitikia kwa kichwa, na nilishindwa kujua kama amefurahi au ananisaidia nimalize.

Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa mtu mdogo wa mti aliyemchonga mwenyewe, pengine macho yakiwa bado mazima. Alikuwa ameinama, mkono mmoja chini. Nikampaka gundi miguuni nikaenda kumsimamisha kando ya reli.

"Hapana," akasema. "Ndani."

Ndani hapakuwa na nafasi. Nilikuwa nimejaza kila kiti, kwa mazoea ya makanisa. Nikang'oa mtu mmoja wa safu ya mbele, mwenye kitenge chekundu, nikamkalisha yule mjomba wa mti hapo. Hakukaa vizuri kwa sababu alichongwa ameinama. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya benchi. Nilimwambia mjomba ameketi. Alimgusa yule mtu kichwa kwa kidole kimoja, akakiacha kidole hapo.

Akawasha treni. Ilitoka nyuma ya kinu, ikavuka daraja, ikawa inakuja upande wetu ikilalamika. Mjomba alisikiliza, amegeuza sikio.

"Na huku nje nani anaokota mipira?"

Nikasema hakuna mtu, mjomba.

"Basi nirudishe, mama. Treni iko karibu."

Gundi ilikuwa haijakauka. Nikamng'oa, nikamrudisha.